Cheo cha Brigedia: Ukubwa na Dhamana Yake

Barabara kuu itokayo Lilongwe, mji mkuu wa Malawi, kuelekea kaskazini hupita Lumbadzi, mji mdogo wa biashara ulio karibu na kiwanja cha ndege cha kimataifa cha Kamuzu. Msafiri akiendelea mbele huingia wilaya ya Dowa na kuifikia Dzaleka, kambi ya wakimbizi ambao wengi wao wametoka mashariki ya Kongo, Burundi na Rwanda, na ambamo Kiswahili husikika tangu alfajiri hadi usiku. Nyuma yake, mjini Lilongwe, ndiko yaliko makao makuu ya jeshi la Malawi, jeshi ambalo kuanzia mwaka 2013 lilipeleka vijana wake mashariki ya Kongo kulinda amani. Hivyo basi, katika masafa yasiyofika mwendo wa nusu siku kwa baiskeli, barabara moja inawaunganisha watu wawili: askari anayetumwa kwenye vita, na raia aliyeikimbia vita hiyo hiyo.

Kati ya watu hao wawili yupo ofisa mmoja ambaye aghalabu wote wawili hawamwoni. Yeye hayuko katika handaki pamoja na askari, wala hayuko katika foleni ya chakula pamoja na mkimbizi. Lakini akikosea hesabu zake, askari hatarudi nyumbani, na mkimbizi ataongezewa majirani wapya waliokimbia jana. Ofisa huyo ni Brigedia. Wapo askari na polisi, hata waliokaa kazini miaka mingi, wanaomjua kwa alama za mabegani na kwa saluti anayopigiwa tu. Inafaa basi cheo hiki kielezwe: ukubwa wake ni upi, kazi yake ni ipi, na mamlaka yake yanakomea wapi.

Ngazi za maofisa katika majeshi yaliyofuata desturi ya Kiingereza, kama haya ya Malawi, Tanzania na Kenya, huanza na Luteni Usu, zikapanda kwa Luteni, Kapteni, Meja, Luteni Kanali na Kanali. Juu ya Kanali ndipo anapokaa Brigedia, naye ni wa saba kutoka chini. Juu yake wapo watatu: Meja Jenerali, Luteni Jenerali na Jenerali. Katika desturi hiyo Kanali huvaa taji na nyota mbili, na Brigedia taji na nyota tatu. Nchi nyingi zilipopata uhuru ziliiondoa taji ya mfalme wa kigeni mabegani mwa maofisa wao, zikaweka nembo ya taifa. Badiliko hilo si la urembo. Linasema kwamba mamlaka aliyo nayo ofisa hayakutoka kwa mfalme wala kwa ukoo wake, bali yametoka kwa wananchi.

Jina la cheo hiki limetokana na brigedi. Askari wa miguu wapatao thelathini hufanya platuni. Platuni kadhaa hufanya kombania, na kombania kadhaa hufanya batalioni yenye watu mia sita hadi elfu moja hivi, chini ya Luteni Kanali. Batalioni tatu au zaidi zikiunganishwa pamoja na mizinga, mawasiliano, wahandisi, matabibu na ugavi, hapo imepatikana brigedi, ambayo huweza kuwa na watu elfu tatu hadi elfu tano. Mwenye kuiongoza ndiye Brigedia.

Kuhusu jina lenyewe, upo utata ambao umewahi kuwachanganya wengi. Waingereza walikuwa na cheo cha Brigedia Jenerali, wakakifuta baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1928 wakaanzisha cheo cha Brigedia pekee. Kwao ofisa huyu ni mkubwa kuliko Kanali, lakini hahesabiwi miongoni mwa majenerali. Kenya imebaki na jina hilo fupi. Tanzania na Malawi hutumia Brigedia Jenerali, na huko ofisa huyu huhesabiwa kuwa ndiye wa kwanza katika safu ya majenerali. Majeshi yaliyofuata desturi ya Kifaransa, likiwemo la Kongo, humwita Jenerali wa Brigedi. Tena katika desturi hiyo ya Kifaransa neno brigadier likisimama peke yake ni cheo kidogo tu, cha askari wa kikosi cha farasi au cha polisi. Kwa hiyo polisi anayeandika maelezo ya mgeni kutoka Kivu hana budi kuuliza vizuri. Mtu anayesema alikuwa brigadier huenda alikuwa akiongoza watu kumi, si elfu tatu.

Uzito wa cheo hiki pia umebadilika kwa kadiri majeshi yalivyokua. Malawi ilipopata uhuru tarehe 6 Julai 1964, ilirithi batalioni moja ya jeshi la kikoloni la King's African Rifles, ikaitwa Malawi Rifles. Jeshi dogo la namna hiyo halikuhitaji majenerali. Katika miaka ya mwanzo liliongozwa na Mwingereza, Paul Lewis, aliyekuwa na cheo cha Brigedia, na mwaka 1972 ukamanda ukashikwa na Mmalawi wa kwanza, Graciano Matewere. Ndivyo ilivyokuwa kwa majirani pia. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilipoundwa mwaka 1964, mkuu wake Mrisho Sarakikya alipewa cheo cha Brigedia. Nchini Kenya, Joseph Ndolo alikuwa Brigedia alipokabidhiwa jeshi la nchi kavu mwaka 1966. Siku zile Brigedia alikuwa ndiye kilele cha jeshi zima. Leo wakuu wa majeshi ya nchi hizo ni majenerali kamili, na Brigedia amekuwa ofisa wa katikati ya wakubwa: anapokea amri kutoka juu, naye anazigeuza kuwa kazi kwa walio chini.

Na hapo katikati ndipo penye ugumu. Kamanda wa platuni huwajua watu wake kwa majina, na hata kwa sauti zao gizani. Luteni Kanali anaweza kuitembelea batalioni yake nzima kwa siku moja. Lakini Brigedia hawezi. Yeye haongozi askari, anaongoza makamanda wa askari. Anapigana kwa ramani, kwa redio, na kwa taarifa zinazoletwa na wanadhimu wake, taarifa ambazo nyingine zimechelewa, nyingine zimetiwa chumvi, na nyingine ni za uongo. Kutokana na hizo hana budi kuamua ni batalioni ipi itangulie na ipi ibaki akiba, mizinga ielekezwe wapi, risasi na maji yafike kwa njia gani, na majeruhi warudishwe vipi. Kapteni shujaa anaweza kuokoa kombania yake kwa ujasiri. Brigedia huokoa brigedi yake kwa kufikiri kabla.

Mfano mzuri wa utaratibu huu ulionekana katika vita vya kumng'oa Idi Amin. Mwaka 1979 Divisheni ya 20 ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania ilikuwa chini ya Meja Jenerali David Msuguri. Chini yake zilikuwamo brigedi zilizoongozwa na mabrigedia: ya 201 chini ya Imran Kombe, ya 207 chini ya John Walden, na ya 208 chini ya Mwita Marwa. Mkuu wa divisheni hakuwa na haja ya kuiamrisha kila batalioni. Aliwapa mabrigedia wake malengo, kila mmoja akapanga namna ya kuyafikia kwa batalioni alizokuwa nazo, na amri ikashuka hadi kwa askari wa mstari wa mbele. Tarehe 11 Aprili mwaka huo Kampala ilikuwa imekwisha kukombolewa.

Si kila Brigedia huongoza brigedi. Wengine huwa wakurugenzi katika makao makuu, wakuu wa vyuo vya kijeshi, wasaidizi wa makamanda wa divisheni, au wawakilishi wa jeshi katika balozi. Hapa hapana budi kutofautisha cheo na madaraka. Cheo ni kile alichovaa mtu begani, na madaraka ni kazi aliyokabidhiwa. Brigedia wa chuo hawezi kwenda kuzipa amri batalioni za Brigedia mwenzake, ingawa mabega yao yanafanana. Na mabrigedia wawili wakikutana katika kazi moja bila ya mmoja wao kuteuliwa, mkubwa ni yule aliyepandishwa cheo kwanza. Utaratibu huu huonekana kuwa jambo dogo wakati wa amani. Wakati wa hatari huzuia kosa kubwa kuliko yote, nalo ni watu wawili kutoa amri mbili kwa askari mmoja.

Brigedi iliyozikutanisha nchi za kusini na mashariki ya Afrika iliundwa mwaka 2013. Kwa azimio namba 2098 la tarehe 28 Machi, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kwamba MONUSCO, yaani jeshi lake la kulinda amani nchini Kongo, liwe na brigedi maalumu ya kujibu mashambulizi. Ilipangiwa batalioni tatu za askari wa miguu, kombania moja ya mizinga na moja ya makomando na upelelezi, na makao yake yakawa Goma. Idadi yake iliwekwa kuwa 3,069. Askari wake walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania, ambaye baadaye alipanda hadi Luteni Jenerali akawa Mnadhimu Mkuu wa jeshi la nchi yake. Juu yake alikuwepo kamanda wa jeshi zima la MONUSCO, Luteni Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz kutoka Brazil. Mwezi Novemba mwaka huo waasi wa M23 walitangaza kuacha vita.

Katika brigedi ya mataifa, kazi ya Brigedia huwa ngumu mara mbili. Askari wa Malawi aliyewekwa chini yake hutii amri zake za kazi: kwenda huku, kulinda pale, kushambulia saa fulani. Lakini nidhamu ya askari huyo, mashtaka yake akikosa, na cheo chake vinabaki mikononi mwa nchi yake. Hivyo Brigedia anaongoza watu asioweza kuwapandisha wala kuwaadhibu. Kilichobaki kwake ni kuaminiwa. Akituma batalioni ya nchi nyingine mahali pa hatari ambapo hakuituma ya kwao, amri itatiiwa mara moja, lakini mara ya pili itajadiliwa, na jeshi linalojadili amri limekwisha kushindwa.

Matunda ya kuaminiana huko yalionekana mwezi Novemba 2018 karibu na Beni, katika mapambano dhidi ya waasi wa ADF. Koplo mmoja wa Tanzania alijeruhiwa vibaya akawa hawezi kutembea. Askari wa Malawi, Chancy Chitete, mwenye cheo cha chini kuliko vyote jeshini, alimburuta hadi mahali pa usalama akamhudumia, naye akapigwa risasi akafa. Koplo yule alipona. Wanajeshi wa Malawi waliopoteza maisha katika mapambano hayo walikuwa sita. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa uliitunuku familia ya Chitete nishani ya ushujaa yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne, ofisa wa Senegal aliyekufa akiokoa watu Rwanda mwaka 1994. Hakuna Brigedia anayeweza kuamuru tendo kama lile. Anachoweza ni kuijenga brigedi ambamo Mmalawi anamhesabu Mtanzania kuwa ndugu yake.

Vita vya Kongo havikuishia hapo. Mwezi Desemba 2023 nchi za Kusini mwa Afrika zilipeleka tena jeshi la pamoja la Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Safari hii halikuwa chini ya Brigedia bali chini ya Meja Jenerali. Mwezi Januari 2025 mji wa Goma uliangukia mikononi mwa M23, na askari wa nchi zote tatu walikuwa miongoni mwa waliokufa. Tarehe 13 Machi 2025 wakuu wa nchi wanachama waliamua kuumaliza ujumbe ule. Jambo hilo linafundisha kwamba cheo hakishindi vita. Nyota nyingi zaidi begani haziwezi kujaza pengo la zana, la ugavi, wala la mapatano ya kisiasa yanayokosekana.

Huko ndiko mamlaka ya Brigedia yanakofanya kazi. Sasa ni vema kutazama yanakokoma, na hapo hapana budi kurejea Dzaleka.

Pahala hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda, na mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa kupokea watu wapatao elfu kumi hivi, lakini kufikia mwaka 2023 ilikuwa na zaidi ya elfu hamsini. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotiwa saini Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, unataka wakimbizi wawekwe mbali na mpaka wa nchi waliyoikimbia, kadiri iwezekanavyo, nao unawakataza kuishambulia nchi hiyo. Maana yake ni kwamba kambi ni mahali pa raia. Aliyekuwa askari anaweza kuomba hifadhi, lakini kwanza aweke silaha chini, atengwe na wakimbizi wengine, na ithibitike kwamba ameuacha uaskari moja kwa moja. Awe alikuwa Koplo, awe alikuwa Brigedia, cheo chake kinabaki nje ya lango. Ndani ya kambi anahesabiwa kama mkimbizi mwingine, na kibaba cha unga anachopewa ni kile kile.

Yatokanayo na kupuuza kanuni hiyo yanajulikana. Mwaka ule ule wa 1994, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda waliingia Goma, na jeshi lililoshindwa likaingia pamoja nao. Maofisa wake hawakuacha vyeo vyao langoni. Waliendelea kuamuru, wakashika ugawaji wa chakula, wakafunza vijana vita kati ya mahema. Kambi zikawa ngome, na ilipofika mwaka 1996 vita vikafumuka. Baadhi ya watu walioko Dzaleka leo ni watoto na wajukuu wa vita vilivyotokana na hayo. Kumbe cheo kilichokatika kutoka katika sheria na dola iliyokitoa hakigeuki kuwa cheo kidogo. Hugeuka kuwa hatari.

Kwa askari polisi somo ni la namna hiyo hiyo. Polisi na jeshi vina ngazi mbili tofauti, na kila moja ina mkuu wake. Heshima huvuka kutoka ngazi moja kwenda nyingine, na ni adabu njema Konstebo kumpigia saluti Brigedia. Lakini amri haivuki. Mathalani, Konstebo amesimama kwenye kizuizi cha barabara, ikaja gari ya Brigedia aliye katika safari yake binafsi. Konstebo ana haki ya kuisimamisha kwa mujibu wa sheria, na Brigedia anayesimama na kutoa kitambulisho bila ghadhabu hakupunguza ukubwa wake, ameuonyesha. Jeshi likiitwa kusaidia polisi wakati wa maafa au ghasia, huja kusaidia serikali ya kiraia, halikuja kuchukua nafasi yake. Katiba ya Malawi ya mwaka 1994, katika kifungu cha 160, inaliagiza jeshi kulinda mamlaka ya nchi, kutetea utaratibu wa Katiba na kuwasaidia wakuu wa kiraia katika kazi zao.

Agizo hilo lilipata mtihani tarehe 5 Aprili 2012, Rais Bingu wa Mutharika alipofariki ghafla. Wapo viongozi waliotafuta njia ya kumzuia Makamu wa Rais, Joyce Banda, asishike nafasi aliyopewa na Katiba. Kwa muda wa siku mbili nchi ilikaa roho juu. Jeshi, likiongozwa na Jenerali Henry Odillo, lilisimama upande wa Katiba, na tarehe 7 Aprili Bibi Banda akaapishwa. Siku zile hapakufyatuliwa risasi. Mwenye cheo kikubwa kuliko vyote jeshini alionyesha kwamba naye anayo amri ya kutii, na amri hiyo ni sheria ya nchi.

Wahenga walisema mkubwa ni jalala. Kila uchafu hutupwa kwake: kosa la Koplo aliyelala lindoni, uzembe wa dereva wa gari la risasi, hofu ya Kapteni kijana, na uamuzi mbaya uliotoka juu yake. Brigedia mwema huyapokea yote bila kuwasukumia walio chini. Na katika siasa ya TANU kulikuwa na ahadi kwamba cheo ni dhamana, yaani amana ambayo mwenyewe yupo na ataidai. Kwa Brigedia, wenye kudai ni wawili. Mmoja ni mama wa askari aliyeagwa Lilongwe asirudi. Mwingine ni mama aliyeketi mbele ya kibanda chake Dzaleka, akingoja siku ambayo njia ya kurudi Kivu itakuwa salama. Nyota za begani zinapata maana yake mbele ya wanawake hao wawili.